Hesabu Sahihi, Mtu Siye: Hotuba Kuhusu Msimu wa Kwanza wa NUMB3RS

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita. Marahaba, shikamoo zenu nimezipokea zote tangu getini. Leo ni Machi 14, Siku ya Kimataifa ya Hisabati, nami nimeombwa niseme machache. Mwalimu wenu wa taaluma akaniwekea sharti: nisishike chaki. Nikamwambia kama ni hivyo, nitawasimulia tamthilia ya televisheni. Akacheka, akadhani natania.

Tamthilia yenyewe inaitwa NUMB3RS, na pale kwenye E wameweka tarakimu 3. Ilianza kuonyeshwa na CBS ya Marekani tarehe 23 Januari 2005, ikaenda misimu sita mpaka Machi 2010. Mimi nitausemea msimu wa kwanza peke yake, sehemu 13, uliokwisha Mei ya mwaka huohuo. Misimu iliyofuata ina mambo yake mazuri, lakini mbio za magari ziliongezeka na ubao ukapungua. Mwenye maoni tofauti tutakutana kwenye chai.

Kisa chake kwa kifupi. Don Eppes ni mpelelezi wa FBI mjini Los Angeles. Mdogo wake, Charlie, ni profesa wa hisabati, kijana wa nywele za kusokotana ambaye akishika chaki hasikii akiitwa kula. Baba yao, Alan, amestaafu kazi ya mipango miji, na mama yao amefariki si muda mrefu. Kaka akikwama kwenye kesi, mdogo anatafuta hesabu ya kumkwamua. Chuo cha Charlie kinaitwa CalSci, ni cha kubuni, ila majengo mnayoyaona ni ya Caltech iliyoko Pasadena. Huko Caltech ndiko alikotoka mshauri wao mkuu wa hisabati, Gary Lorden, aliyekuwa akiongoza idara. Walioibuni tamthilia, Cheryl Heuton na Nicolas Falacci, ni mke na mume. Mwaka 2007 Bodi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliwatunuku kwa kuwafanya watu wa kawaida waikaribie hisabati bila kuikimbia.

Sasa, wengi husifu tamthilia hii kwa sababu inaonyesha hesabu ikikamata wahalifu. Mimi naisifu kwa sababu nyingine kabisa. Katika msimu wa kwanza Charlie hukosea, na hukosea mara nyingi. Ukimfuatilia kwa makini utaona kwamba kuzidisha kwake na kugawanya kwake havina dosari. Kosa huwa limeshaingia kabla hajaandika mstari wa kwanza, pale aliposema "tuchukulie kwamba". Hilo ndilo nimekuja kulisema leo, na nina ushahidi wa kwenye kioo na ushahidi wa mahakamani.

Tuanze na sehemu ya kwanza. Kuna mtu anawavamia wanawake mjini Los Angeles, na safari hii ameua. Don ana ramani yenye alama za matukio yote. Wapelelezi wanaitazama ramani hiyo wakijiuliza atapiga wapi tena. Charlie anaitazama, halafu anawageuzia swali. Anawaonyesha kinyunyizio cha maji bustanini: huwezi kusema tone lijalo litadondokea wapi, lakini ukiyaona matone ya kutosha chini, unaweza kurudi nyuma ukajua kinyunyizio kimesimama wapi. Basi wasitafute tukio lijalo. Watafute mahali anapoishi.

Wanafunzi wa EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, mnisikilize vizuri hapa, maana hii ni jiografia na hisabati zimefunga ndoa. Mlinganyo ulioandikwa ubaoni katika sehemu hiyo haukutungwa na waandishi wa tamthilia. Ni wa mtu halisi, Kim Rossmo, aliyekuwa askari polisi wa Vancouver, Kanada, huku akisoma shahada ya uzamivu katika elimu ya uhalifu kwenye Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Wazo kuu lilimjia mwaka 1991 akiwa ndani ya treni nchini Japani, akaliandika kwenye karatasi ya kujifutia mikono. Shahada akaipata 1995. Charlie kwenye televisheni anaumaliza mlinganyo ndani ya siku chache, akiwa na baba yake anayemletea chakula. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mlinganyo unasema hivi. Gawa ramani ya mji katika vijiraba vidogovidogo. Chukua kiraba kimoja, pima umbali wake mpaka kila tukio. Umbali wenyewe usiupime mshazari. Jumlisha hatua za mashariki na magharibi na zile za kaskazini na kusini, kwa sababu watu hufuata barabara, hawapiti sebuleni kwa majirani. Kisha kuna mambo mawili yanayovutana. La kwanza, mhalifu hapendi kwenda mbali. Umbali ukiongezeka, uwezekano unashuka. La pili, hapendi pia kufanya uovu mlangoni kwake, ambako muuza duka anamjua kwa jina. Kwa hiyo kuna duara la karibu analoliepuka. Kila kiraba kinapata alama kwa kila tukio, alama zinajumlishwa, na vile vyenye jumla kubwa vinapakwa rangi kali. Hilo ndilo eneo la moto, na polisi wanaanzia hapo.

Mbinu hii iliwahi kufanya kazi kweli. Katika mji wa Lafayette, jimbo la Louisiana, mtu mmoja aliwavamia wanawake kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 1984 bila kupatikana. Rossmo aliletewa kesi, akaichora ramani, eneo likabanwa likawa dogo. Polisi wakawapima vinasaba washukiwa waliokuwamo. Hakuna aliyelingana. Baadaye ukaja ujumbe usio na jina ukimtaja ofisa wa idara ya sherifu, yaani mwana usalama. Mpelelezi mkuu hakuuamini mwanzoni, na anwani ya ofisa huyo haikuwa ndani ya eneo la moto. Walipochimba wakakuta kwamba alikuwa amehama. Nyumba aliyoishi wakati wa matukio ilikuwa ndani kabisa ya eneo. Wakamfuata, wakaokota kipande cha sigara alichokitupa, vinasaba vikalingana. Ilikuwa 1999.

Mnaona mahali kosa lilipokaa? Mlinganyo ulisema anaishi hapa. Polisi wakasoma anaishi hapa leo.

Tamthilia imeichukua kesi hiyo na kuigeuza kidogo, na nadhani mgeuzo wenyewe una akili. Charlie anatoa eneo la moto, watu wote wa eneo wanapimwa, hakuna. Anavunjika moyo mpaka unamhurumia. Kisha anatambua kwamba alichukulia mtu ana kituo kimoja, nyumbani. Watu wazima wana viwili, nyumbani na kazini, na anaweza kuanzia safari zake popote kati ya hivyo. Anaurudia ule ule mlinganyo kwa vituo viwili na ramani inajipanga upya. Hakubadilisha alama hata moja ya kuzidisha.

Kwenye sehemu hiyohiyo kuna jambo dogo ambalo mngeweza kulifanya darasani kesho. Charlie anawaambia wapelelezi wasimame ovyo chumbani, bila mpangilio. Wanatawanyika. Ukitazama, wameachiana nafasi karibu sawa. Bahati halisi haiko hivyo. Ingewarundika watatu kwenye kona moja na kuacha upande mzima mtupu. Anayejitahidi kuonekana hana mpangilio ndiye hujisaliti kwa mpangilio. Walimu wanaosahihisha majaribio ya maabara wanalijua hili. Data za kupika zina unyofu wa kutia shaka. [Kicheko.] Naona kuna waliocheka kuliko wengine.

Sehemu ya pili ndiyo niipendayo kuliko zote, na ni ya huzuni. Kuna majambazi wa benki wenye adabu, hawapigi mtu, hawamtukani mtu. Charlie anakokotoa benki watakayofuata, na anapatia. Don na wenzake wanakwenda wakiwa wamejiandaa kwa watu wenye adabu, kumbe nyuma yao kuna kundi la ulinzi lenye silaha nzito. Watu wanakufa, na Don mwenyewe anajeruhiwa. Charlie anajifungia kwenye gereji na kuanza kupambana na tatizo liitwalo P na NP, kupitia mchezo wa kompyuta wa kutegua mabomu.

Kwa wale wa BAM, hisabati tumizi ya msingi, wasioujua mkasa huu: kuna maswali ambayo jibu lake ukipewa unalihakiki upesi, lakini kulitafuta mwenyewe kunakula umri. Swali ni je, kila kilicho rahisi kuhakiki ni rahisi pia kukitafuta, ila sisi hatujapata njia tu? Hakuna ajuaye. Taasisi ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000, na fedha bado zipo. Mchezo wenyewe wa mabomu, mwanahisabati Richard Kaye alionyesha mwaka huohuo 2000 kwamba ndani yake umebeba tatizo hilohilo. Kwa hiyo gereji ile si mapambo.

Don anamjia juu mdogo wake: watu wamekufa, wewe unacheza? Baba ndiye anayefafanua. Charlie alilikimbilia tatizo hilo hilo mama yao alipokuwa anakufa. Alijifungia nalo miezi ile ya mwisho, hakukaa kitandani kwa mama aliyewahi kuhama naye mpaka Princeton alipoingia chuo akiwa na miaka 13. Nimewaona vijana wengi wenye vipaji vya hesabu katika kazi hii, na namwamini Charlie hapo kuliko anapokuwa ubaoni. Namba zinatoa hifadhi. Hazikuulizi umeshindwaje kwenda hospitalini.

Rafiki yake Larry, mwanafizikia, anamletea kanuni ya Heisenberg: ukikitazama kitu, umekigusa. Nisahihishe kidogo, kwa heshima ya walimu wa fizikia waliokaa mstari wa mbele. Kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927 inahusu chembe ndogo sana na haizungumzii majambazi. Larry ameazima jina. Lakini alichokilenga ni cha kweli: Charlie aliwachukulia majambazi kama mvua, kitu kisichojua kwamba kinatabiriwa. Binadamu akijua anatazamwa hubadilika, na anayemtazama naye hubadilika.

Hili si la kwenye kioo tu. Miaka michache baada ya msimu huu, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliunda programu iliyokuja kuitwa PredPol. Iliazima hesabu za matetemeko ya ardhi: tetemeko kubwa huzaa madogo jirani yake, basi labda wizi nao huzaa wizi jirani. Kila siku programu inawaambia askari wa doria waende kwenye viboksi fulani vya ramani. Mji wa Santa Cruz ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kuijaribu, 2011, na polisi wa Los Angeles wakaitumia kwa miaka. Mwaka 2020 Los Angeles wakaiacha, na Santa Cruz wakapiga marufuku mbinu ya aina hiyo kabisa. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini lile la kihisabati ni hili. Data inayoingia kwenye programu haitoki kwa wahalifu, inatoka kwa polisi. Askari wakipelekwa mtaa mmoja kila siku, watakamata watu mtaa huo, taarifa zitaongezeka, na programu itasema mnaona, niliwaambia. Mtaa usio na askari utaonekana hauna dhambi. Matetemeko hayana tabia hiyo. Chombo cha kupimia hakisababishi ardhi itikisike.

Nipite haraka kwenye kadhaa. Kuna sehemu ya ugonjwa unaosambaa mjini, ambako Charlie anatumia milinganyo ya kuwagawa watu katika walio hatarini, wanaougua na waliopona. Milinganyo hiyo ni ya Kermack na McKendrick, 1927. Baada ya Korona hainihitaji mimi kuwaeleza, mikunjo yake mmeichoka. Kuna ya noti bandia, kuna ya treni zinazopinduliwa. Kuna ya mzigo wa mionzi ulioibwa, ambako Charlie anawaweka washukiwa watatu chumba kimoja na kumkokotolea kila mmoja atapoteza kiasi gani wenzake wakisema. Anayejua ana cha kupoteza zaidi anasema kwanza. Sijui kama ingefanya kazi kwenye chumba halisi cha mahojiano, lakini kama somo la nadharia ya michezo, ile hesabu ya kuamua huku ukijua wenzako nao wanaamua, sijaona zuri zaidi.

Ya tano ndiyo ninayoigombeza. Mtoto wa miaka mitano anatekwa kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Baba yake ni mwanahisabati anayedhani ameitatua dhana ya Riemann, na watekaji wanautaka uthibitisho huo kama fidia ili wavunje siri za benki kwenye intaneti. Dhana ya Riemann ni ya 1859, inahusu jinsi namba tasa zilivyotawanyika, na nayo ina dola milioni moja za Clay. Siri za benki nazo zinategemea namba tasa: ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili kubwa, ni kazi ya kufisha kuupata mzidisho na kurudi kwenye vigawo vyake. Wale mliotafuta KKS, kigawo kikubwa cha shirika, shule ya msingi kwa kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, fikirini namba yenye tarakimu mia sita.

Basi waandishi wakaona namba tasa hapa, namba tasa kule, wakaunganisha. Haiunganiki hivyo. Uthibitisho wa Riemann haukupi njia ya kutafuta vigawo. Wanahisabati wengi wanaamini dhana ni ya kweli, na mwizi ambaye angenufaika nayo angeweza kuichukulia kuwa kweli leo usiku na kuendelea na kazi yake bila kuteka mtoto wa mtu. Uthibitisho ni wa kututuliza sisi, mwizi hauhitaji. Lakini hata hapo waandishi wamenipa kitu. Charlie anaupitia ule uthibitisho na kukuta tundu. Uthibitisho wa kurasa nyingi, umeandikwa na mtu hodari, na umevunjika mahali pamoja tu, kwenye jambo alilolichukulia kuwa kweli. Kisha Charlie lazima akamwambie baba ambaye mtoto wake hajulikani alipo. Neil Patrick Harris amemwigiza baba huyo, na uso wake pale unatosha.

Sehemu ya nane inahusu alama za vidole. Don ana maiti mpya iliyouawa kwa namna ileile ya kesi aliyoifunga mwaka uliotangulia, na mtu wa kesi ile yuko gerezani. Miongoni mwa ushahidi uliomfunga kulikuwa na kipande cha alama ya kidole. Charlie anamuuliza mtaalamu swali la kitoto: uwezekano wa watu wawili kufanana kwenye kipande kidogo hivi ni kiasi gani? Mtaalamu anasema alama za vidole hazifanani. Charlie anarudi: kidole kizima, sawa, je, kipande? Amepima nani? Chumba kinakuwa kizito, kwa sababu nyuma ya swali hilo kuna watu wangapi waliofungwa.

Waandishi hawakuota. Tarehe 11 Machi 2004 treni zililipuliwa Madrid. Kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ilipatikana alama ya kidole, FBI wakaipitisha kwenye kompyuta zao na kusema ni ya wakili mmoja wa Oregon. Wataalamu zaidi ya mmoja wakakubaliana. Polisi wa Hispania wakasema hatuoni mnachokiona. Wakili akakaa kizuizini kama wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye alama, raia wa Algeria. FBI wakaomba radhi. Ukizingatia kwamba kompyuta ilikuwa na alama za mamilioni ya watu, ajabu ingekuwa kutokupata anayefanana kwa karibu. Kadiri ghala linavyokua, ndivyo mfanano wa bahati tu unavyoongezeka. Hilo halikuwa kwenye mizani ya wale wataalamu, na msimu huu ulirushwa mwaka mmoja tu baadaye.

Niwapeleke mahakamani sasa, mjini humohumo Los Angeles, miaka 40 kabla ya Charlie. Juni 1964, eneo la San Pedro, bibi mmoja anasukumwa anaanguka na mkoba wake unaporwa. Mashahidi wanasema: msichana mweupe, nywele za kimanjano zimefungwa mkia nyuma, akaingia kwenye gari la njano lililoendeshwa na mwanamume mweusi mwenye ndevu na masharubu. Polisi wakapata mke na mume wanaofanana na maelezo. Ushahidi ulikuwa dhaifu, kwa hiyo mwendesha mashtaka akamwita mwalimu wa hisabati wa chuo.

Mwalimu akaulizwa kanuni ya kuzidisha uwezekano wa matukio, akaieleza vizuri tu. Halafu mwendesha mashtaka akaleta namba zake mwenyewe. Gari lenye njano, 1 katika 10. Mwanamume mwenye masharubu, 1 katika 4. Msichana wa mkia, 1 katika 10. Nywele za kimanjano, 1 katika 3. Mweusi mwenye ndevu, 1 katika 10. Mweusi na mweupe ndani ya gari moja, 1 katika 1,000. Zidisheni. Ninawaona mnaandika mapajani, vizuri: 1 katika milioni 12. Baraza la wazee wa mahakama likasikia milioni 12, likawatia hatiani.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya California ikaifuta hukumu ya mume, aliyekuwa amekata rufaa. Majaji walisema namba zile sita hazikuwa na ushahidi wowote, zilitoka kichwani mwa mwendesha mashtaka. Wakasema pia kanuni ya kuzidisha inataka matukio huru, ambayo moja halimwiti mwenzake, na mwenye ndevu kwa kawaida ana masharubu, ukizidisha umemhesabu mara mbili. Lakini jambo la tatu ndilo lililonifanya nikiheshimu kitabu cha sheria. Majaji wakasema, haya, tuikubali milioni 12. Katika mji wenye mamilioni ya watu, kama tayari tunajua kuna jozi moja inayolingana na maelezo, uwezekano wa kuwapo nyingine ya pili ni kiasi gani? Wakaambatanisha hesabu kwenye hukumu. Jibu ni zaidi ya asilimia 40. Mwendesha mashtaka alijibu swali la jozi kama hii ni adimu kiasi gani. Swali lililokuwa mezani lilikuwa hawa ndio, au ni wengine. Ni maswali mawili, na yanalingana kwa sauti tu.

Ningependa kusema dunia ilijifunza. Uingereza mwaka 1999 mama mmoja, wakili, alifungwa kwa vifo vya watoto wake wawili wachanga baada ya daktari bingwa kuwaambia wazee wa mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla visivyoelezeka vya watoto wachanga ndani ya familia kama ile ni 1 katika milioni 73. Alipataje? Alichukua 1 katika 8,543 akaizidisha yenyewe, kana kwamba watoto wawili wa tumbo moja hawashiriki damu, nyumba wala hewa. Alitoka 2003.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tamthilia hii inawafundisha nini vijana, namjibu kwamba inategemea wameitazama wapi. Wakitazama ubao, watajifunza majina: Bayes, Markov, Riemann. Si vibaya. Wakimtazama Charlie usoni kila anapoambiwa "tumekwenda, hayupo", watajifunza kazi yenyewe. Hatupi chaki. Hasemi hisabati imeshindwa. Anarudi juu kabisa ya ubao, kwenye mstari ambao kila mtu alikuwa ameshausahau.

Nimalizie na sehemu ya 13, ya mwisho wa msimu. Basi la wafungwa limepinduka, watu wametoroka, na Charlie anawafundisha wanafunzi wake fumbo la milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendesha mchezo, anayejua gari liko wapi, anafungua mmoja kati ya iliyobaki na kukuonyesha mbuzi. Anakuuliza: unabaki au unahama? Najua hapa kwetu wapo watakaouliza huyo mbuzi ana uzito gani, lakini tuseme unataka gari.

Karibu kila mtu anasema ni sawa tu, nusu kwa nusu. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant aliandika kwenye safu yake ya gazeti kwamba uhame, akapokea barua maelfu za kumsuta, nyingine za wenye shahada za uzamivu. Paul Erdős mwenyewe, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikataa mpaka alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta. Ukibaki, unashinda mara 1 katika 3. Ukihama, mara 2 katika 3.

Naona vichwa vinatikisika. Hakuna haja ya kuniamini. Kwenye meza za nyuma kuna vikombe vitatu vitatu na punje ya mahindi. Kaeni wawiliwawili. Mmoja afiche punje, mwenzake achague, mwenye kuficha afunue kikombe kitupu kati ya viwili vilivyobaki. Chezeni mara 30 kwa kubaki, mara 30 kwa kuhama, na muandike kila tokeo, hata lile linalowaudhi.

Mkimaliza kuna duru ya pili, na hii Charlie hakuifanya. Anayefunua ageuze uso wakati mtu wa tatu akificha punje, ili naye asijue iko wapi. Afunue kwa kubahatisha. Akiifunua punje yenyewe, ufuteni mchezo huo, msiuhesabu. Hesabuni ile tu ambayo kikombe kilikuwa kitupu. Mtakachokiona kwa macho ni kilekile cha duru ya kwanza: umechagua, kikombe kitupu kimefunuliwa, unaulizwa. Nataka mniletee namba za kuhama za duru zote mbili, na aliye na maelezo kwa nini hazilingani aje nazo mbele. Chaki nimekatazwa mimi, yeye hajakatazwa.